Usiku wa Kuamkia Jumanne

Mama Leonida aliviweka vyeti viwili mezani,
akavigeuza vinitazame.
"Soma," akasema. "Kisha uniambie
tangu lini Adongo akamtangulia Apiyo."

Nikafungua jedwali. Ilikuwa kweli.
Adongo: tarehe nne Machi, 21:12.
Apiyo: tarehe nne Machi, 23:45.
Nilipanga safu kwa saa, kuanzia ya mapema,
na yule ambaye jina lake lasema alisalia nyuma
amekaa mbele, kimya, kama mwenye haki.

Wajaluo hawakungoja kompyuta.
Wa kwanza wa pacha huitwa aliyewahi,
wa pili aliyebaki.
Jina ni muhuri wa saa
usiohitaji stima.

Stima! Nikashuka stoo, nyuma ya wodi ya wazazi,
nikalitafuta daftari la Sista Domtila,
jalada la bluu, harufu ya spiriti.
Kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino ameandika:
*Usiku wa kuamkia Jumanne. Pacha, wasichana.
Wa kwanza saa sita kasorobo.
Wa pili saa sita na dakika kumi na mbili.
Stima imepotea. Taa ya simu.*

Basi. Tableti ya kwanza ilizimika baada ya Apiyo.
Iliijua saa ya Kisumu, ikaandika ya Kisumu,
bila kusema ni ya wapi.
Ya pili, ya msaada, ilitoka kwenye boksi na saa ya Grinichi,
masaa matatu nyuma yetu,
huko ambako Jumanne ilikuwa haijapiga hodi.
Nasi tukazimimina zote katika safuwima moja
kama muuza mahindi wa Kibuye mwenye gorogoro mbili.

Nimeona mengi katika safuwima hiyo.
Mzee wa Seme aliyezaliwa tarehe moja Januari,
yeye na nusu ya rika lake,
kwa sababu karani fulani aliogopa kuacha pengo.
Chanjo ya tarehe nne Machi iliyogeuka ya tatu Aprili:
siku imekalia kiti cha mwezi, na mwezi hausemi kitu
mpaka ifike tarehe kumi na tatu, ndipo mashine inapopiga kelele.
Na tupu. Tupu si sifuri, si leo, si jana;
uilinganishe na tupu mwenzake,
haikubali wala haikatai.

Lakini hili la pacha lilinikaa kooni.
Niliandika amri, nikaisoma mara nne,
nikauacha wazi mlango wa kurudi nyuma,
nikamtafuta kwa namba yake, si kwa jina
(Kisumu hii, Adongo ni wangapi?),
nikamwongezea masaa matatu.
Tarehe ikaruka yenyewe. Tano Machi, 00:12.
Pembeni nikafungua safuwima mpya, nyembamba: *ukanda*.
Safu nyingine elfu kumi na moja zinaningoja humo.

Kwa hiyo sasa wana siku mbili za kuzaliwa,
mmoja Jumatatu, mwenzake Jumanne,
na ni Sista peke yake aliyepata neno la kuwabeba pamoja.
Usiku wa kuamkia.
Hifadhidata haina aina ya data inayolitosha neno hilo.
Nimetafuta.

Mama Leonida alivifunga vyeti vipya kwenye pindo la leso.
Apiyo alikuwa ameshatoka nje, anaruka kwa mguu mmoja.
Adongo, aliyekuwa mkubwa kwa wiki mbili nzima
na kumtuma mwenzake maji kila jioni,
alibaki mlangoni, kamba ya kiatu haijafungwa.

"Hayo masaa matatu," akaniuliza,
"uliyatoa wapi?"